Trela la Pantoni Lisilokuwa na Breki

Neema mwanangu,

Umepanda gari la saa nne kwenda Dongobesh kumuaga mjomba wako Amsi, na mama yako yuko jikoni anakukaangia maandazi ya safari. Nyumba imetulia. Nimefunga karakana mchana huu, jambo ambalo siku ya kazi sijawahi kulifanya isipokuwa kwa msiba. Nimekaa na daftari lako la chuo, lile lililobaki na kurasa tupu. Usishangae mwandiko. Mkono uliozoea kushika chuma haupendi kalamu.

Mambo ya safari mama yako ameshakwambia yote, tena mara mbili mbili: begi, simu, chakula, nani wa kumwamini na nani wa kumkwepa. Sitarudia. Wala sina la kukufundisha juu ya kuchomelea. Wale wa karakana ya boti huko Mwanza walipokuita kazini baada ya kuona kazi yako ya mtihani, nilizunguka Katesh nzima nikitafuta watu wa kuwaambia. Nilimwambia hadi muuza mkaa. Akaniuliza, "Sasa binti akienda, wewe fundi utabaki na nani?" Nikacheka, lakini nilipofika nyumbani sikuweza kula.

Ninachotaka kukwambia ni habari ya trela la pantoni ya Mwalimu Kaijage. Si lile la bluu tulilotengeneza wote wewe ukiwa kidato cha tatu. Ni la kwanza, ulipokuwa na miaka saba. Umeshasikia habari zake, lakini hukuzisikia kama zilivyokuwa. Wiki hii nimejaribu mara tatu kukwambia kwa mdomo. Juzi nilikuita uje unishikie bomba, ukaja, ukashika, nikachomelea bomba ambalo halikuwa na kazi yoyote. Ukaniuliza, "Hili ni la nini, Baba?" Nikasema ni la mteja. Halina mteja. Liko pale nje mpaka sasa.

Basi nasema hapa.

Wakati ule karakana yetu ilikuwa kule Jorodom, kabla maporomoko ya matope ya mlimani hayajaifukia. Mimi nilikuwa kijana bado, mtu wa kuja kutoka Singida, nimeoa kwa watu wa Endagikot, na nilikuwa na hamu kubwa ya kuonekana. Nilikuwa natengeneza mageti, madirisha, matoroli ya kukokotwa na punda. Watu walianza kuniita Fundi Elia badala ya "yule Mnyaturu", na jina hilo lilinilewesha kuliko pombe.

Mwalimu Kaijage alikuja asubuhi moja amevaa koti na amebeba daftari. Alikuwa ametoka kustaafu. Alizaliwa Bukoba, kando ya ziwa kubwa, akaletwa huku kufundisha, akakaa miaka mpaka akajenga Basotu. Aliniambia kwamba katika miaka yote hiyo kitu alichokikosa ni maji chini ya miguu yake. Kwa hiyo alikuwa ameagiza pantoni ndogo kutoka Mwanza. Unaijua: maboya mawili marefu ya alumini, juu yake sakafu ya mbao, mabenchi na kipaa cha turubai. Alitaka kuwatembeza watoto wa shule ziwani Basotu wawaone viboko na ndege, na wageni wakija wapande pia. Wakati wa kiangazi, maji yakipungua, alitaka aivute mpaka ziwa la Babati afanye kazi huko. Kwa hiyo alihitaji trela.

Nilimwambia matrela nayajua sana. Nilikuwa nimetengeneza matatu, yote ya kubebea magunia.

Akafungua daftari. Alikuwa ameandika kwa penseli kila kitu alichotaka na sababu yake pembeni, kama anayetayarisha somo. Alitaka mbao ndefu za kulaza maboya, zifunikwe zulia ili alumini isikwaruzwe. Alitaka winchi mbele ya kuivutia pantoni juu ya trela, nguzo mbili nyuma za kuielekeza iingie katikati, ngazi ya kupandia, mikanda ya kuifunga, taa za nyuma, tairi la akiba. Na juu kabisa, limepigiwa mstari mara mbili, breki.

"Hii ndiyo ya kwanza, bwana fundi," akasema. "Nimeona huko kwetu trela lenye breki zake lenyewe. Likianza kulisukuma gari mteremkoni, zinajibana. Kule Basotu kwenda majini ni mteremko mtupu."

Neema, mimi breki hizo nilikuwa nimezisikia tu. Sijawahi kuzifungua nikaona ndani. Mtu mwenye akili angesema, "Mwalimu, hilo silijui, nipe muda niulize." Maneno hayo yanachukua muda gani kuyasema? Lakini fundi mwenzangu wa jirani alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza, na nilimwona anatabasamu. Nikasema, "Mwalimu, hizo ni za matrela makubwa ya tani nyingi. Trela dogo kama lako halihitaji breki. Zitakuletea usumbufu, zinaingia maji, zinashika kutu. Gari lenyewe lina breki, zinatosha."

Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Akanitazama kidogo, halafu akachukua penseli akafuta. Mwalimu, mtu aliyefundisha watu miaka yote ile, akafuta neno kwenye daftari lake kwa sababu mimi nilisema.

Ili asijione amepungukiwa, nikamwongezea vitu. Nilimshauri rangi mbili, nyekundu na nyeupe. Nilimtengenezea ngazi nzuri yenye nakshi za chuma, maua ya kukunja, kama geti la tajiri. Nikamwandikia jina la pantoni ubavuni. Kila kitu kinachoonekana nilikifanya vizuri. Watu walikuwa wanasimama barabarani kulitazama, na wewe ulikuwa unakaa juu ya mbao zake ukijifanya nahodha. Ulikuwa huna meno mawili ya mbele. Ulinipa amri, "Fundi, ondoa mti njiani!" na mimi nikawa naondoa miti isiyokuwepo.

Siku ya kushusha pantoni majini, dereva alikuwa mjomba wako Amsi. Wakati huo alikuwa anaendesha pikapu ya mfanyabiashara mmoja wa mbegu hapa mjini, na hapakuwa na dereva makini kama yeye. Alikuwa hanywi. Alikuwa anafuta vioo kabla hata ya kunawa uso. Aliomba gari kwa tajiri wake kwa ajili yangu, kwa sababu mimi ni shemeji yake na nilimwomba.

Mvua ilikuwa imenyesha siku iliyotangulia. Tulipofika juu ya ule mteremko wa mwisho, Amsi alisimamisha gari, akashuka, akazunguka nyuma. Akainama kwenye magurudumu ya trela. Akaniita pembeni, akauliza kwa sauti ya chini kwa sababu Mwalimu alikuwa karibu.

"Shemeji, hili trela lina breki?"

"Halihitaji," nikasema.

"Linanisukuma. Tangu tulipoacha barabara kubwa linanisukuma. Hapa ni utelezi. Tungengoja pakauke, au tutafute watu washike kamba nyuma."

Watu walikuwa wameshajaa chini ufukweni. Akina mama wauza perege na mabeseni yao, watoto wa shule na nguo zao za shule, hata mchungaji alikuwa amekuja kuombea chombo. Nilitazama wale watu wote, nikafikiria kuwaambia wangoje mpaka kesho.

"Amsi," nikamwambia, "wewe ni dereva au siyo dereva? Twende."

Aliingia kwenye gari. Mimi nilitangulia kwa miguu kwenda chini, nikasimama mbele ya watu nikipunga mikono kama askari wa barabarani.

Alianza kushuka polepole kabisa, Neema. Nataka ulijue hilo zaidi ya mengine yote. Alikuja taratibu kama mtu anayetembea na mtoto. Nililiona kwa macho yangu. Halafu, katikati ya mteremko, nilisikia mlio wa matairi yakikwangua udongo. Magurudumu ya pikapu yalikuwa yamesimama, hayazunguki, na gari bado linakuja. Trela lilikuwa linalisukuma kutoka nyuma kama ng'ombe anavyomsukuma mwenzake mlangoni. Lilianza kulala upande, likaanza kuligeuza gari. Watu wakapiga kelele. Chini yake moja kwa moja walikuwa wale watoto wa shule.

Amsi aliwaona. Alikata usukani kulia, kwenye yale mawe makubwa, kwa makusudi. Angeweza kufungua mlango akaruka. Alibaki ndani akalipeleka gari kwenye mawe. Pikapu ilijikunja mbele, trela likapanda juu ya ubavu wake, pantoni ikachomoka ikateleza mpaka majini peke yake, ikaelea pale, haina hata mkwaruzo.

Hakuna mtoto aliyeguswa. Mjomba wako alivunjika paja na nyonga. Tulimtoa kwa kukata mlango. Nilikata mimi, kwa msumeno wa mkono. Alikuwa na fahamu zake zote.

Sasa ndiyo nafika mahali penyewe. Jioni, nje ya hospitali, tulikuwa tumesimama watu watatu: mimi, Mwalimu na yule tajiri mwenye pikapu. Tajiri alikuwa na hasira, anazunguka. Akaniuliza, "Wewe ulikuwa chini, uliona. Alikuwa mbio?"

Mwalimu naye akanigeukia, anangoja.

Nikasema, "Alikuwa mbio kidogo."

Basi. Hilo tu. Nimeishi na neno "kidogo" miaka hii yote. Sikusema alikuwa mbio sana, unaona, nilijipimia uongo wangu uwe mdogo. Lakini ulitosha. Mjomba wako aliachishwa kazi akiwa bado kitandani, na habari ikatembea kuanzia Katesh mpaka Mbulu kwamba Amsi aliendesha mbio akataka kuua watoto wa shule. Kila alipokwenda kuomba gari, walikuwa wameshasikia. Aliishia kwenda Dongobesh kulima vitunguu swaumu na huo mguu wake mbovu. Mama yako alimlilia ndugu yake, lakini pia alimkasirikia, na alikukataza kupanda gari lolote ambalo Amsi anaendesha. Wewe ulikuwa unampenda sana. Alikuwa anakuweka mbele, anakuachia honi. Mara moja baada ya kupona alikuja na gari la kuazima akataka kukupeleka kwa bibi yako, na wewe ukarudi nyuma ukashika suruali yangu. Ukasema, "Sitaki, Mjomba anaendesha vibaya." Alisikia. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, mkono wangu uko juu ya kichwa chako.

Ulipofika darasa la sita uliniuliza kama ni kweli. Nilikwambia, "Watu ndivyo wanavyosema." Unaona jinsi nilivyokuwa hodari.

Kazi yangu haikupungua. Watu waliona ni bahati mbaya ya dereva. Nilipata mageti ya shule, nilipata milango ya kanisa. Nikawa nakutana na Amsi kwenye harusi na mazishi, tunapeana mikono, ananiita shemeji, ananiuliza habari za watoto. Kila mara nilikuwa najiambia leo nitamvuta pembeni. Kisha nasema ngoja sherehe iishe. Sherehe zikaisha nyingi.

Miaka tisa ikapita. Habari iliyobaki unaijua nusu.

Mwalimu alirudi. Alikuwa amelitumia lile trela muda wote kwa kulikokota kwa ng'ombe, taratibu, watu wameshika kamba nyuma. Sasa lilikuwa limekwisha kwa kutu, akataka jipya. Ulikuwa likizo, umevaa kile kinyago cha kuchomelea kilichokuwa kinakushuka mpaka kifuani. Ulikivua, ukamwambia shikamoo, ukamletea benchi, ukachukua penseli kabla mimi sijanawa mikono.

Nilikuwa nasikiliza nikiwa kwenye mtungi wa maji. Hukumuuliza anataka nini. Ulimuuliza, "Mwalimu, pantoni ikishaingia majini, nani anaingia kwenye maji kuifungua?"

Akasema, "Mimi, au kijana yeyote atakayekuwepo."

"Na viboko?"

Mwalimu akacheka. "Hapo umenipata."

Ukamwambia basi winchi iwe na kamba ndefu zaidi na ndoano ya kufungulia ukiwa nchi kavu, na zile nguzo za nyuma ziwe ndefu zionekane juu ya maji, ili mtu asilazimike kuingia kuielekeza. Ukauliza magurudumu yanazama mpaka wapi, kwa sababu beringi zikiingia maji kila siku bila grisi zinakufa. Ukauliza nani anapanda kwa shida. Akasema mke wake, goti linamsumbua. Ukachora ngazi yenye vipandio vifupi na mahali pa kushika pande zote mbili. Haikuwa na ua hata moja. Nilikumbuka ngazi yangu ya nakshi na jinsi mke wa Mwalimu alivyokuwa akisukumwa na watu wawili kuipanda.

Halafu Mwalimu akasema, polepole, bila kunitazama, "Na breki? Au bado halihitaji?"

Nilifungua mdomo. Mungu anajua, nilikuwa naanza tena. Wewe ukanitangulia.

"Breki hatujawahi kutengeneza, Mwalimu," ukasema. "Nisikudanganye. Lakini kuna mafundi Arusha wanaziuza zikiwa kamili. Baba anaweza kwenda kujifunza namna ya kuzifunga. Utangoja kidogo?"

"Nitangoja," akasema Mwalimu.

Ulikuwa na miaka kumi na sita. Ulilisema kama unavyosema chumvi imekwisha. Sikujua ulijifunzia wapi, maana si kwangu. Nilikwenda nyuma ya karakana nikanawa uso, nikanawa tena.

Niliporudi nilimsindikiza Mwalimu mpaka stendi, na njiani nikamwambia yote. Nilimwambia breki nilikuwa sizijui. Nilimwambia Amsi aliniuliza pale juu, na alishuka taratibu, na neno nililolisema nje ya hospitali. Alisimama katikati ya njia. Bodaboda zinatupigia honi, hasogei.

"Elia," akasema, "yule kijana alinipa mkono kwenye msiba wa mwalimu mwenzangu. Mbele ya watu. Nikauacha mkono wake hewani."

Akaanza kutembea tena.

"Kesho unakuja kunichukua," akasema. "Tunakwenda kwake."

Tulimkuta Amsi shambani Dongobesh, anafunga vitunguu swaumu mafungu mafungu. Mke wake akatuletea chai. Mwalimu aliongea kwanza. Alisema, "Nimekuja kukuomba mkono wako," na mjomba wako akafuta udongo kwenye suruali akampa. Wazee wawili wale, maana naye Amsi alikuwa ameshazeeka kabla ya wakati, walishikana muda mrefu. Halafu ikawa zamu yangu. Nilikuwa nimepanga maneno garini, yote yakapotea. Nilisema tu, "Ulikuwa taratibu. Nilikuona."

"Najua uliniona," akasema.

"Kwa nini hukusema, Amsi?"

Hapo alikasirika. Sijawahi kumwona vile. "Nilisema! Nilisema hospitali, nilimwambia tajiri, nilimwambia dada yangu. Nani angenisikiliza mimi, na fundi mwenyewe, shemeji yangu, baba wa watoto wa dada yangu, ameshasema nilikuwa mbio?"

Akachukua fungu jingine la vitunguu akaendelea kufunga. Nilimwambia nitakwenda kwa kila mtu, nitamwambia mama yako usiku uleule, nitamwambia yule tajiri ingawa ameshahama. Akatikisa kichwa.

"Hao waambie ukipenda," akasema. "Miaka hii nimeshawazoea. Mimi namtaka mtu mmoja tu. Mwambie Neema. Yule mtoto aliniogopa."

Nikamwahidi.

Mama yako nilimwambia. Hakuongea na mimi siku nne, siku ya tano akapanda gari kwenda kwa ndugu yake, akakaa huko wiki. Ulidhani ameenda kusaidia mavuno. Aliporudi aliniambia, "Mimi sitamwambia Neema kwa niaba yako. Utamwambia kwa mdomo wako." Yule tajiri nilimpata kwa simu, akasema ni zamani mno. Wazee wa Endagikot niliwaambia tulipokutana kwenye mahari ya binamu yako, wewe ukiwa shule. Wewe tu ndiye niliyekuwa nakukwepa.

Unakumbuka siku tuliyoshusha trela la bluu? Breki tulikuwa tumezifunga wenyewe baada ya mimi kurudi kutoka Arusha, wewe ukizijaribu kwenye kile kilima cha shule mpaka jioni. Ulishangaa kumwona mjomba wako ameshika usukani. Mwalimu ndiye aliyemwomba, alisema hataki dereva mwingine. Ulinivuta mkono ukaninong'oneza, "Baba, kwa nini yeye?" Amsi alikuwa amefungua kioo. Mwalimu alikuwa amesimama hapohapo. Wote wawili walinitazama.

Nafasi ilikuwa imeletwa mpaka mlangoni kwangu. Nilitakiwa kufungua mdomo tu.

Nikakwambia, "Dereva mwingine hakupatikana."

Neema, uongo wa kwanza niliusema nimeshikwa na hofu, damu ya mtu ikiwa bado kwenye shati langu. Huu wa pili niliusema jua linawaka, nimeshiba, nimeshaomba msamaha na kunywa chai ya yule mtu. Niliusema kwa sababu ulikuwa unanitazama kwa yale macho yako, na nilitaka yaendelee kunitazama hivyo. Mjomba wako alipandisha kioo. Akashuka mteremko ule mpaka majini, trela linamfuata kwa adabu, na watu wakapiga makofi. Wewe ulipiga makofi kwa ajili ya breki. Mimi nilishindwa.

Imepita miaka minne. Hajanikumbusha hata siku moja. Leo asubuhi ulipokuwa unatoka ulisema, "Sitakaa sana kwa Mjomba, nitamsalimia tu nirudi." Ulisema hivyo kwa sababu tangu utotoni hujui ukae naye vipi. Mlango ulipofungwa ndipo nikatafuta daftari.

Huko Mwanza watakuja watu na madaftari yao. Watataka trela, watataka boti, watakuuliza hiki kinafaa, kile kinahitajika. Sina wasiwasi na wewe kwa hilo. Ninachokiogopa ni siku utakayokuwa umeshapata jina, umezoea kusikilizwa, na mtu mlangoni anatabasamu. Mimi sikuanguka nikiwa mjinga. Nilianguka nilipoanza kusifiwa. Ikikufika siku hiyo sina dawa ya kukupa. Kumbuka tu kwamba baba yako ilimfika, na ilimgharimu mtu mwingine mguu.

Na ikiwa utakosea, maana utakosea, usifanye kama mimi kungoja sherehe iishe.

Sikuombi uendelee kunitazama kama zamani. Ukinikasirikia, kasirika, mama yako alikasirika na bado ananikaangia samaki. Ukitaka kunyamaza kwa muda, nyamaza, nitakuwa karakana kama kawaida. Nitakukumbuka kila nitakapoita "shika hapa" na kukuta hakuna mtu. Nimejizoeza wiki hii kushika bomba kwa goti. Inawezekana, ila kazi inatoka imepinda.

Barua hii nitakupa mkononi kesho stendi, ukishakaa kwenye kiti chako. Najua utaifungua kabla ya Singida. Utakuwa na saa nyingi za kufikiri, na simu yako itakuwa na chaji, mama yako ameshahakikisha.

Ukifika salama, usinipigie mimi kwanza. Mpigie mjomba wako.

Ni mimi baba yako,
Elia